KUPANGA SAFARI YA KUNDI KWENDA KUTAZAMA SAFARI RALLY

Sisi wa Kidato cha Nne tunakaribia kuiaga shule yetu, na wadogo zetu wengi wamekwisha kuniuliza jinsi kundi la wanafunzi arobaini lilivyoweza kutoka hapa pwani mpaka Naivasha mwezi wa Machi 2025, likatazama magari ya Safari Rally, kisha likarudi salama. Wakati huo tulikuwa Kidato cha Tatu, nami nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati iliyopanga safari hiyo. Daftari la kamati ningali nalo. Kwa hiyo naona yafaa nieleze mambo yalivyokuwa, ili watakaopenda kwenda baadaye wapate pa kuanzia, na wazazi wetu nao wajue fedha zao zilitumikaje.

Kwanza yapasa kuyaelewa mashindano yenyewe. Safari Rally ilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na magari yalipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Njia zilikuwa mbaya mno hata mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyoweza kumaliza. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, naye Shekhar Mehta alishinda mara tano. Mashindano haya yalihesabiwa katika ubingwa wa dunia tangu 1973 hadi 2002, yakaondolewa, kisha yakarudishwa mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha.

Watu wengi hudhani kwamba magari hutimuliwa pamoja kama farasi. Sivyo. Kila gari huondoka peke yake, baada ya dakika chache huondoka jingine, na muda wa kila moja huandikwa. Mwenye jumla ndogo ya muda ndiye mshindi. Kwa hiyo mtazamaji aliyesimama mahali pamoja huliona kila gari kwa nukta chache tu, kisha hulimezwa na vumbi. Tena barabara zinazoelekea sehemu za mashindano hufungwa saa kadhaa kabla ya gari la kwanza kupita, na aliyechelewa harushwi ukuta. Atakayepanga safari bila ya kujua hayo ataweza kusafiri siku mbili asione hata gari moja.

Jambo la pili ni tarehe. Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Mwaka 2021, 2022 na 2023 mashindano yalifanyika mwezi wa Juni. Mwaka 2024 yalifanyika wakati wa Pasaka, mwishoni mwa Machi, na mwaka 2025 yalikuwa tarehe 20 hadi 23 Machi. Hivyo, hapana budi kungoja tarehe za mwaka wenyewe zitangazwe, ndipo kamati iandike barua kwa Mwalimu Mkuu.

Baada ya tarehe hufuata njia. Kutoka Mombasa mpaka Naivasha ni kilomita 570 hivi. Basi haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, lakini ukihesabu vituo, vilima, malori na misongamano ya Nairobi, dereva wetu alitushauri tukadirie kilomita 50 kwa saa. Gawanya mwenyewe, msomaji, nawe utaona kwamba ni zaidi ya saa kumi na moja. Tungeondoka saa kumi na mbili alfajiri, na tairi moja likapasuka njiani, giza lingetukuta kwenye miteremko ya Bonde la Ufa. Mwalimu Mkuu alikuwa ametupa sharti moja tu ambalo halikuwa na mjadala: jua likitua, basi liwe limesimama.

Kwa sababu hiyo tuliigawa safari. Siku ya Alhamisi tulikwenda kilomita 420 hivi, tukipumzika Voi na Mtito Andei, tukafika kabla ya saa kumi alasiri katika shule moja ya bweni iliyo kandokando ya njia, kabla ya Nairobi. Walimu wetu walikuwa wamewaandikia wenzao mwezi mmoja kabla, nasi tukapewa madarasa mawili ya kulala. Ijumaa tuliondoka saa tatu asubuhi, baada ya msongamano wa watu waendao kazini kupungua, tukapita njia ya juu ya Limuru, maana ile ya Mai Mahiu ina mteremko mkali na malori mengi. Jumamosi tulitazama mashindano. Jumapili na Jumatatu zilikuwa za kurudi, kwa vituo vile vile. Siku tano, basi, kwa siku moja ya kutazama. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba siku tatu za masomo zitapotea, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Ndiyo maana walimu walikubali kwa sharti kwamba kila mwanafunzi aandike insha ya Jiografia juu ya Bonde la Ufa, Ziwa Naivasha na umeme wa mvuke wa Olkaria, na insha hizo zilisahihishwa kama mtihani.

Sasa nafika kwenye jambo lililokaribia kuivunja safari yetu, nalo ni fedha.

Gharama za safari ya kundi ni za namna mbili. Kuna zile ziendazo na basi, na zile ziendazo na mtu. Tulikadiria kwamba kwenda, kurudi na kuzunguka huko ni kilomita 1,260. Basi letu hunywa lita moja kwa kilomita tatu, yaani lita 420. Mafuta hayo, pamoja na posho za madereva wawili, hayapungui hata kama basi limebeba watu kumi. Chakula ndicho kinachoongezeka kwa kila mtu.

Mara ya kwanza tulipotangaza mchango, wanafunzi tisa kati ya arobaini walisema kwamba kwao hauwezekani. Kamati ilirudi mezani. Tuliondoa fulana za rangi moja ambazo wengine walizitaka sana, tukaondoa chakula cha hoteli, tukaamua kupika wenyewe na kulala juu ya magodoro yetu ya bweni. Mchango ukashuka karibu theluthi nzima, na watano kati ya wale tisa wakaweza kulipa kidogo kidogo tangu muhula uliotangulia. Wakabaki wanne.

Katika mkutano wa kundi, mwenzetu mmoja alisimama akasema waziwazi kwamba wanne hao wabaki, kwa kuwa si haki mzazi wake amlipie mtoto wa mtu mwingine. Wengi walimpigia makofi. Ndipo mhazini wetu akaandika ubaoni hesabu ifuatayo. Tuseme gharama za basi ni shilingi 100,000. Wakilipa watu 40, kila mmoja atoa shilingi 2,500. Wakilipa 36, kila mmoja atoa shilingi 2,778 hivi. Kisha akauliza: wale wanne wakibaki shuleni, je, sisi 36 tutalipa ngapi? Jibu ni lile lile, shilingi 2,778, kwa maana basi halitapunguza mafuta kwa sababu ya viti vinne vitupu. Kuwaacha hakutuokolei hata senti. Na chakula chao je? Wangebaki shuleni wangekula chakula cha shule. Basi tukamwomba mweka bohari atupimie mahindi, maharagwe, mchele na sukari ya watu 40 kwa siku hizo tano, naye kwa idhini ya Mwalimu Mkuu akatupimia.

Yule aliyepinga alikuwa wa kwanza kuinua mkono kukubali. Majina ya wale wanne yalijulikana kwa mwalimu na mhazini peke yao, na mpaka leo sisi wengine hatuyajui, wala hatuyaulizi. Nawasihi watakaofuata wasiivunje kanuni hiyo. Safari ya shule ni ya shule, si ya wenye nazo.

Juu ya hesabu zetu tuliongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya dharura, na kila senti iliyotumika iliandikwa siku ile ile, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Kilichobaki kiligawanywa sawasawa, nacho kikarudishwa kwa wazazi.

Afya nayo haifai kusahauliwa. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na sisi watoto wa pwani tuliambiwa mapema kwamba sweta moja haitoshi usiku. Vumbi la huko ni laini kama unga, na wenye magari huliita fesh-fesh. Wawili wetu wana pumu. Muuguzi wa shule aliandika orodha ya wenye maradhi na dawa zao, akampa mwalimu nakala, na uwanjani wawili hao walisimama upande utokako upepo, vumbi lisije juu yao. Kila mzazi alitia sahihi fomu ya ruhusa yenye nambari ya simu. Kila mwanafunzi alikuwa na mwenzake, na kila basi liliposimama wawili hao walitafutana kabla ya jina kuitwa.

Siku ya Jumamosi tuliamka saa tisa za usiku, tukala uji na mahamri, tukasogea mpaka Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, kabla ya njia kufungwa. Hapo kanuni ni tatu. Simama juu, usisimame bondeni. Usisimame upande wa nje wa kona, kwa maana gari likishindwa kukata kona huenda huko. Usivuke njia hata ikiwa kimya, kwani ukimya huo huenda ukawa ni nafasi kati ya gari na gari. Magari yalipita, ardhi ikatetemeka, nasi tukashangilia mpaka sauti zikakauka. Siku ya pili, tukiwa njiani kurudi, tulisikia redioni kwamba mshindi ni Elfyn Evans.

Wadogo zetu, madereva wa mashindano hayo huipita njia polepole kabla ya siku yenyewe, na kila kona huandikwa katika daftari ambalo msaidizi humsomea dereva gari likiwa mbioni. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Daftari letu nitalikabidhi kwa mwalimu wa Jiografia kabla ya mtihani wa mwisho. Bei zitakuwa zimebadilika na tarehe pia, lakini hesabu ya mhazini iko katika ukurasa wa saba. Anzeni na huo.