Mgeni Aliomba Mkate, Tukamjibu Maisha

Kamati ya msikiti wetu, hapa Dar es Salaam, ilimpokea mwalimu kijana kutoka Misri, aliyekuja kufundisha Kiarabu na tajwidi katika madrasa yetu. Tulijiandaa. Tulimpangia chumba karibu na msikiti, tukanunua kitanda, feni na jiko la gesi, kisha tukagawana zamu: kila jioni nyumba moja ipeleke sinia. Tukadhani haki ya mgeni imetimia.

Masinia yalikwenda na pilau, wali wa nazi na samaki wa pilipili, kwani hivyo ndivyo tunavyoheshimu wageni. Yalirudi na shukrani nyingi na chakula kingi. Kila nyumba ilinyamaza, ikidhani kwa wenzao amekula.

Wiki ya pili alituuliza wapi atapata *aish*. Sisi tuliosoma Kiarabu cha vitabuni tunalijua neno hilo kuwa ni maisha. Tukamjibu kwa ufasaha kwamba maisha hapa ni mazuri, alhamdulillahi, asubiri kidogo atazoea. Akatabasamu, akaenda zake. Baadaye ndipo tulipofahamu kuwa Wamisri huuita mkate kwa jina hilo. Mtu alikuja kuulizia mkate, tukampa mawaidha.

Aliyetufumbua macho ni mama mmoja jirani, mzaliwa wa Singida, muuza mboga. Zamu yake ilipofika hakuwa na fedha ya nyama. Alipeleka ugali na mlenda, akaomba radhi mlangoni: “Mwanangu, nisamehe, leo nimepata hiki tu.” Mwalimu akafunua bakuli, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti, “Mulukhiyya!”

Mlenda una aina nyingi, na aina aliyoipika mama siku ile ndiyo mboga ileile ya Wamisri. Wao huyakatakata majani yake yakawa laini kabisa, huyapika kwa supu na kuyaunga kwa kitunguu saumu na giligilani. Ugali hakuwa akiujua, lakini bakuli lilirudi tupu.

Usiku ule alitueleza yaliyomsibu. Kwao asubuhi huanza kwa *ful*, maharage yanayochemka taratibu usiku kucha, yakatiwa mafuta, bizari nyembamba na ndimu, yakaliwa kwa mkate. Hapa pilipili ilimchoma tumbo. Kwa wiki mbili alishiba ndizi na biskuti, akaingia darasani akiwa dhaifu. Aliona haya kusema, asije akaonekana amekufuru neema.

Tuliona haya zaidi yake. Katika Sura Hud tunasoma kuwa Nabii Ibrahim (AS) alipofikiwa na wageni hakukawia kuwaletea ndama wa kuchoma. Kisha akaona kuwa mikono yao haikifikii chakula. Wageni wale walikuwa malaika, lakini adabu ya mwenyeji imebaki kwetu: alileta, na baada ya kuleta alitazama. Sisi tulileta, hatukutazama.

Zamu za masinia zinaendelea, na sasa pilipili huwekwa kando katika kibakuli. Mama wa Singida hupeleka mlenda kila wiki, na mwalimu humpikia *ful* kwa maharage ya sokoni, humwita Mama. Kamati nayo imeweka utaratibu: mwalimu mgeni akifika, siku ya kwanza aulizwe anakula nini, nini kinamdhuru, na kwao hula saa ngapi. Maswali hayo hayagharimu hata shilingi.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tuna watoto wanaosoma au kufundisha ughaibuni. Tunapowapigia simu na kuuliza, “Umekula?” hujibu, “Nimekula, mama.” Mwalimu wetu naye alimjibu mama yake hivyohivyo, kila usiku, kwa wiki mbili. Tuwaombee jirani atakayeitazama mikono yao, nasi tuwe jirani huyo kwa mtoto wa mwenzetu.

Wabillahi tawfiq.