Usiku Mmoja Kisiwani Saanane

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo laonekana jepesi, nalo si jepesi: kupiga kambi na kulala usiku mmoja katika kisiwa kidogo chenye mawe mengi. Huenda mtu akasema, "Kulala ni kulala tu, kuna elimu gani ndani yake?" Sisi nasi tulidhani hivyo kabla ya kwenda. Tuliporudi tulikuwa tumejifunza ya kuwa hatari ya kisiwa haimo sana katika mawe yake wala katika wanyama wake, bali katika maji yanayokizunguka. Na ya kuwa alalaye kisiwani hana budi kukata shauri la usiku mapema, angali bado nchi kavu.

Kisiwa chenyewe ni Saanane, katika Ghuba ya Mwanza, upande wa kusini wa Ziwa Victoria. Ki karibu sana na mji: kutoka katikati ya Mwanza ni kama kilomita 2, na mashua ya mota huvuka kwa dakika chache. Jina lake latokana na Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akikaa hapo zamani. Mwaka 1964 pakafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza katika Tanzania. Mwaka 1991 pakawa pori la akiba. Na tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote nchini, maana nchi kavu na maji yake kwa pamoja ni kilomita za mraba 2.18 tu. Asubuhi moja yamtosha mtu kuizunguka. Lakini asidhani ya kuwa udogo wake ni wepesi wake.

Tulikwenda huko sisi walimu wawili wa chuo cha ualimu, pamoja na wanachuo 12, kwa ruhusa ya wenye hifadhi. Nia yetu ilikuwa wanachuo waone kwa macho yao yale tuliyowaandikia ubaoni.

Jambo la kwanza ambalo mgeni huliona ni mawe. Yamekaa jiwe juu ya jiwe, mengine makubwa kama nyumba, hata mtu huuliza ni nani aliyeyapanga. Hakuna aliyeyapanga. Mawe ya Mwanza ni ya namna iitwayo graniti, nayo yaliganda chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Mwamba ule ulikuwa na nyufa. Maji ya mvua yakapenya katika nyufa hizo, yakaulainisha mwamba kando kando kwa muda mrefu usiohesabika, ukawa kama mchanga na udongo. Kisha mvua na mito vikauchukua udongo huo, na mioyo migumu ya mwamba ikabaki peke yake juu ya nchi. Ndiyo hayo mawe tunayoyaona leo. Basi yaonekanapo kana kwamba yamewekwa juu ya mengine, kwa kweli hayakuwekwa. Yalibaki palepale, na vilivyokuwa kati yake ndivyo vilivyoondoka.

Mawe hayo yana wenyeji wake. Wako pimbi, ambao mchana huota jua wakiwa makundi makundi. Nyayo zao ni laini, nazo zina unyevu daima, kwa hiyo hushika jiwe wala hawatelezi. Mtu akiwatazama atadhani ni jamaa za panya au sungura, kumbe wenye maarifa ya viumbe wametuonyesha ya kuwa jamaa zao wa karibu ni tembo na nguva. Wako pia mijusi wa mawe, ambao dume lao lina kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, kana kwamba limevaa nguo ya sikukuu. Wako kenge, na katika maji wako mamba na viboko. Mchana wanachuo waliandika habari za hao wote katika madaftari yao, wakafurahi sana.

Sasa tueleze mambo ya kambi, maana ndiyo yatakayomfaa atakaye kufanya kama sisi, hapo au penginepo.

Kwanza, mahali pa hema. Juu ya mwamba kigingi hakiingii. Kwa hiyo kamba za hema hufungwa katika mawe mazito, nayo mawe yenyewe huwekwa mawe mengine juu yake. Usipige hema katika mkondo ulio kati ya mawe mawili, hata ukiwa mkavu na wenye mchanga laini wa kupendeza. Mvua ikinyesha, hiyo ndiyo njia ya maji. Wala usipige hema ukingoni mwa ziwa, maana viboko hutoka usiku kula majani, na mamba huvizia karibu na maji. Wala usilale juu kileleni au chini ya mti ulio peke yake, kwa sababu radi hupenda kupiga kitu kilichoinuka kuliko vingine.

Pili, maji. Mtu aliyezungukwa na maji hudhani hana haja ya kuchukua maji. Hilo ni kosa. Katika maji ya kando ya ziwa, penye majani na konokono, mna vijidudu vya kichocho ambavyo macho hayavioni. Hutoka katika konokono, hupenya katika ngozi ya mtu anayeoga au kusimama majini, huingia mwilini na kukua huko, na baadaye huharibu kibofu au matumbo na ini. Kwa hiyo tuliwakataza wanachuo kuoga ukingoni. Maji ya kunywa tulichukua kutoka mjini, na yaliyopungua tuliyachemsha mpaka yakatokota sana. Kwa maji ya kuoga, afadhali nayo yapate moto kwanza. Na asiye na kuni za kutosha ayachote yasiyo na konokono, ayaweke katika chombo chenye kifuniko muda wa siku 2, ndipo vijidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa. Lakini kukaa huko hakuyafanyi kuwa maji ya kunywa.

Tatu, chandarua. Mbu hawakosi. Tena kuna wadudu wadogo ambao, hasa karibu na mwezi mwandamo, hutoka ziwani kwa wingi mno, hata huonekana kwa mbali kama moshi uliosimama juu ya maji. Hao hawaumi, lakini hufuata mwanga wa taa na kuingia katika chakula na macho. Kwa hiyo tulikula mapema, kabla ya giza.

Sasa mtasema: hawa walijua kila kitu. La, hatukujua. Sikilizeni yaliyotupata.

Jioni ilikuwa njema. Ziwa lilitulia kama mafuta. Taa za mji zilianza kuwaka ng'ambo, na kwa jinsi zilivyokuwa karibu tuliweza kusikia kelele za magari. Tukalala. Ilipopata saa 8 za usiku tulisikia mtu analia kwa maumivu. Mwanachuo mmoja alikuwa ametoka hemani kwenda haja, bila viatu wala tochi, akaanguka kati ya mawe mawili, akapasuka mguu chini ya goti. Jeraha lilikuwa refu, la kuhitaji kushonwa, na damu ilitoka nyingi. Tukaita sanduku la dawa liletwe. Sanduku halikuwapo. Tulikuwa tumelisahau gatini, chini ya benchi tulipokaa tukingoja mashua. Kosa lilikuwa letu sisi walimu, kwani wakati wa kupanda tulihesabu watu, hatukuhesabu mizigo.

Nahodha wetu, mzee wa makamo, alikuwa amelala kisiwani pamoja nasi. Mwalimu mwenzetu akamwendea upesi, akamwambia, "Mzee, mji si huu hapa? Tuvushe, tumpeleke kijana hospitali."

Mzee akatazama ziwa, akatazama na mbingu. Akajibu, "Mwalimu, taa unazoziona wewe nami naziona. Lakini taa hizo hazionyeshi mawe yaliyo chini ya maji, wala hazimwonyeshi kiboko alipo. Na huo upepo unaotoka bara, umeusikia? Mbaneni kijana jeraha kwanza. Damu ikikataa kusimama, tutasema tena. Ikisimama, ngojeni kukuche. Kawia ufike."

Hatuwafichi, tulikasirika. Tuliona ya kuwa mzee anaogopa, na mtoto wa watu yuko mikononi mwetu. Taa zile zilitushawishi mno. Lakini tukakumbuka ya kuwa tulimchagua mzee kuwa nahodha kwa sababu alijua maji kuliko sisi; basi ingekuwa haki gani kumtii mchana, wakati hapana hatari, na kumkaidi usiku? Tukapasua shuka safi, tukaikunja, tukalibana jeraha kwa nguvu bila kuachia muda wa dakika 15, na mguu tukauinua juu ya mzigo wa nguo. Damu ikasimama. Tukalifunga. Kijana akanywa maji, akatulia, ingawa maumivu hayakumwacha.

Hata saa 9 haijafika, nyota za upande wa ziwa zikapotea. Tukasikia mvumo kama wa gari la moshi linalokuja kwa mbali. Upepo ukageuka ghafula, ukapiga kisiwa. Mvua ikafuata, na radi juu yake. Hema moja likang'oka. Mawimbi yalipiga mawe kwa kishindo hata maji yakaruka juu. Na zile taa za mji, zilizokuwa karibu kama za jirani, zikazimika machoni mwetu zote pamoja; hatukuona ng'ambo wala hatukujua iko upande gani. Kumchukua majeruhi gizani mpaka mashuani, na kumlaza, na kung'oa nanga, kungalituchukua karibu saa nzima. Lau kama mzee angalitukubalia, dhoruba ile ingalitukuta katikati ya maji. Tulitazamana, wala hapana aliyesema neno.

Kwa nini dhoruba huja saa kama zile? Jambo hili lina sababu yake, nayo yafaa kila mtu wa kando ya ziwa aijue. Chukueni sufuria mbili, moja yenye maji na moja yenye mchanga, mziweke juani. Adhuhuri mchanga utakuwa wa moto wa kuunguza, na maji yatakuwa vuguvugu tu. Ziacheni mpaka usiku: mchanga utakuwa baridi, na maji bado yana uvuguvugu wake. Ndivyo ilivyo nchi kavu na ziwa. Mchana nchi hupata moto upesi, hewa yake hupanda juu, na hewa ya ziwani huja kushika mahali pake. Ndio upepo wa mchana utokao ziwani. Usiku mambo hugeuka: nchi imepoa, ziwa lina joto lake, na upepo hutoka bara kwenda ziwani.

Sasa fikirini ukubwa wa Ziwa Victoria, ambalo ni kama kilomita za mraba 68,800, na nchi imelizunguka pande zote. Usiku pepo za bara hutoka kila upande na kukutana juu ya maji. Zikikutana hazina pa kwenda ila juu, nazo huinua hewa yenye joto na unyevu mwingi. Hewa hiyo hupoa huko juu, hufanya mawingu mazito, na mawingu huleta mvua, radi na tufani. Ndiyo sababu mkulima wa bara amezoea kuona mvua kubwa alasiri, lakini mvuvi wa ziwani huiogopa zaidi saa za usiku wa manane mpaka asubuhi. Utulivu wa jioni si ahadi ya usiku mwema. Yule mzee hakusoma habari hizi katika kitabu, lakini alizijua kwa shavu lake, upepo ulipolipiga.

Kulipokucha ziwa lilitulia tena kana kwamba halikufanya neno. Tukavuka, kijana akashonwa mguu, akapona. Sanduku la dawa tulilikuta palepale chini ya benchi, kavu.

Basi, wasikilizaji, mkitaka kulala kisiwani, nendeni, maana kuna mengi ya kujifunza. Lakini kabla ya kupanda mashua hesabuni watu na mizigo pia, tena kwa orodha iliyoandikwa. Kila mtu na avae jaketi la kuokolea maisha, hata kama safari ni ya dakika chache. Usiku asitoke mtu bila viatu na tochi. Chukueni makaa yenu, msikate miti ya kisiwa, na takataka zenu mrudi nazo. Na hili kubwa kuliko yote: patanani mchana, watu wote wakisikia, ni nani mwenye neno la mwisho juu ya kuvuka. Mkiisha kumchagua, mtiini hata usiku ule ambao taa za mji zaonekana kama mtazigusa kwa mkono.