Jinsi ya kujifua kwa mbio za baiskeli za milimani, kwa sisi wa Kasulu na Kibondo

Tangu Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani (mara ya kwanza kufanyika Afrika), washkaji wananiuliza: na sisi si tunaweza? Tunapandisha milima kila siku bwana!

Mjue kwanza mziki wenyewe. Tarehe 28 wanaume walinyonga kilomita 267.5, na vipando vyote ukivijumlisha ni kama mita 5,475. Yaani uanzie usawa wa bahari pale Dar upande mpaka karibu na kilele cha Kilimanjaro. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30 tu, akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Kigali iko kama mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo vilima na hewa yake si vigeni sana kwetu. Anayetoka Manyovu na Buhigwe na mikungu ya ndizi kwenye karia ananielewa.

Lakini kubeba mzigo siyo mazoezi. Hili nililijua kwa aibu. Nilipomaliza kidato cha nne nilibeba mihogo kwa baiskeli miezi minane, nikajiona chuma. Siku nimetoka bila mzigo na jamaa mmoja wa Kibondo, kipando cha pili tu akaniacha nahema kama mbuzi. Kumbe mwenye mzigo ananyonga mwendo uleule kila siku, si wa kuukimbiza moyo sana, si wa kupumzisha. Mwili unauzoea, unabaki palepale, magoti ndiyo yanaumia.

Unachotakiwa ni kubadilisha. Siku mbili kwa wiki tafuta kipando cha dakika tano hivi, panda kwa nguvu kiasi kwamba huwezi kusema zaidi ya maneno mawili matatu, shuka taratibu, rudia mara nne au tano. Siku moja nenda mbali, masaa matatu au manne, mwendo wa kupiga stori. Siku nyingine nyonga kidogo tu au lala kabisa. Nguvu inajengwa ukiwa umepumzika, hata kama mzee nyumbani atakuita mvivu. Wiki ya mwisho kabla ya mbio punguza mazoezi nusu.

Wenye baiskeli ya gia moja (ndiyo wengi wetu, tusidanganyane) msilazimishe kukaa kwenye kiti mlima ukiwa mkali, simameni kwenye pedeli. Na kiti kipandisheni! Ukiweka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Baiskeli nyingi ninazoziona hapa mtu ananyonga magoti yanagusa kidevu.

Msosi nao: ikizidi saa moja na nusu kula ukiwa njiani, usisubiri njaa. Ndizi mbivu mbili kila saa zinatosha kuanzia. Wa Kibondo mna asali, changanyeni na maji na chumvi kidogo sana, wazungu wananunua kitu kama hicho kwenye vipakiti kwa hela nyingi.

Sasa kushuka. Watu wanajiandaa kupanda tu. Mwaka juzi nilikuwa nateremka kwenye vumbi, raba za breki zimeisha na mimi najua zimeisha, nikategemea kandambili kama kawaida yetu. Kandambili ilikatika. Niliishia kwenye shamba la maharage, mkono umevunjika, wiki sita sifanyi kitu. Nyuma yangu kulikuwa na fuso. Siku hizi lami imefika sehemu nyingi, baiskeli inashuka kasi zaidi na magari nayo hivyohivyo. Kagua raba kabla ya kila safari, breki kabla ya kona siyo ndani ya kona, breki zote mbili, usibane moja tu mpaka chini.

Mimi Jumamosi nitakuwa kwenye kipando cha kutoka mjini Kasulu kuelekea Heru Juu, saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Anayekuja aje na raba mpya.