Mdogo wangu, jana ulifanya nini kazini?

Kazi yangu ni kuzitafutia kampuni za usafirishaji wafanyakazi hapa Dar es Salaam. Mara nyingi naanzia LinkedIn, na huko nakutana na watu wanaofanana kupita kiasi: wote wachapakazi, wote wabunifu, wote wana maono. Nikimaliza kusoma bado sijui hata mmoja wao anafanya kazi gani.

Mtandao huo ulifunguliwa Mei 2003 huko California, na mwaka 2016 Microsoft ikaununua kwa dola bilioni 26.2. Pesa hizo hazikutolewa kwa ajili ya picha zetu za suti. Kilichonunuliwa ni orodha kubwa ya watu na kazi zao, na waajiri hulipia ili waipekue kwa undani. Mimi ni mmoja wa wapekuzi hao. Nikitafuta msimamizi wa mizigo ya Lubumbashi, siandiki "mchapakazi" kwenye kisanduku cha kutafutia. Naandika forodha, transiti, Tunduma, Kasumbalesa. Ambaye hakuyataja maneno hayo, hata kama amekesha mpakani miaka kumi, kwangu hayupo.

Kijana mmoja wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini aliniomba nimtazamie ukurasa wake. Chini ya jina palikuwa na cheo na kampuni tu, kwa sababu usipoandika kitu, mtandao wenyewe hujaza hivyo. Mstari huo una nafasi ya herufi 220, na unakufuata kila uendako: kwenye matokeo ya utafutaji, kwenye maombi ya kuunganishwa, hata ukichangia hoja ya mtu.

"Mdogo wangu," nikamuuliza, "jana ulifanya nini kazini?"

"Dada, jana nilihangaika na makontena ya mashine za mgodi. Yalikwama Tunduma, uzito wa kwenye hati haukulingana na wa mizani."

"Ukayatoaje?"

Hapo akachangamka. Akanieleza nani alipigiwa simu, hati ipi ilirekebishwa, dereva aliambiwa nini. Nikamwambia hayo ndiyo ya kuandika. Sasa mstari wake unamtaja kuwa wakala wa forodha, mizigo ya migodini, Dar es Salaam hadi Lubumbashi kupitia Tunduma. Ameuandika kwa Kiingereza, maana waajiri wengi katika sekta yetu hutafuta kwa lugha hiyo. Kisa cha makontena tumekiweka mwanzoni kabisa mwa maelezo yake, kwa kuwa msomaji huoneshwa mistari michache tu mpaka abofye kuona zaidi, na wengi hatubofyi.

Alichoogopa ni kuonekana anajisifu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumelelewa hivyo, na methali hiyo naipenda. Lakini kusema ulikwamua makontena ni kutoa taarifa. Kujisifu ni kujiita mbobezi ukiwa na mwaka mmoja kazini, au Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni yenye kompyuta moja na binamu yako. (Wapo, tena wengi.)

Kuna mengine ya kuacha. CV zetu za zamani zilijaa dini, hali ya ndoa na tarehe ya kuzaliwa, na wengine wameyahamishia mtandaoni pamoja na picha za vyeti na namba ya NIDA. Mwajiri makini hahitaji hayo ili akupigie simu. Tapeli ndiye anayeyahitaji.

Ninachokiamini zaidi ni maneno ya mtu mwingine. Si kule kubofya kuthibitisha ujuzi, ambako rafiki yako wa sekondari anathibitisha unaijua forodha naye hajawahi kukanyaga bandarini. Nasema ushuhuda ulioandikwa na bosi au mteja. Namna ya kuuomba nayo ina adabu zake. Msalimie kwanza, kisha mkumbushe jambo moja: "Shikamoo bosi. Ukipata nafasi, naomba uniandikie mistari miwili kuhusu ile mizigo ya Tunduma." Bosi asiyekumbushwa ataandika kwamba wewe ni kijana mwenye nidhamu, basi. Ushuhuda wenyewe hauonekani kwenye ukurasa mpaka uukubali, kwa hiyo akiandika Namanga badala ya Tunduma, mrudishie taratibu arekebishe.