Saa Iliyo Kwenye Tiketi

Umbali wa Dar es Salaam na Nairobi kwa ndege haubishaniwi: ni kilomita 670 hivi, ukifuata mkunjo wa dunia kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi wa Jomo Kenyatta. Muda wa safari ni habari nyingine. Jeti ya abiria ikishatulia angani huenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa, kwa hiyo ukigawanya unapata dakika 50 tu. Mbona basi tiketi inakaribia saa moja na dakika 20? Kwa sababu saa ya tiketi haingoji ndege ipae. Huanza magurudumu yanaposogea kutoka maegeshoni, na husimama ndege inapoegeshwa upande wa pili. Humo mna kusukumwa kinyumenyume, kutambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kumsubiri aliyetangulia, kisha kupanda taratibu, na kuanza kushuka abiria hajamaliza soda yake. Safari ikiwa fupi, shughuli hizo huimeza. Dar hadi Unguja ni kama kilomita 73. Hapo jeti haipati hata nafasi ya kukolea mwendo, na kandege ka pangaboi hakaachwi mbali.

Wapo wanaosema mashirika huongeza dakika kwenye ratiba ili ndege iliyochelewa ionekane imewahi. Huongeza kweli, lakini foleni ya njia ya kurukia nayo ni kweli, na ratiba isiyoihesabu ingemdanganya abiria zaidi. Hoja nzito ni nyingine: kwamba safari ikiwa ndefu, dakika za ardhini hupungua uzito, na hapo kugawanya umbali kwa mwendo kutatosha. Hakutoshi. Kenya Airways ilipofungua safari ya moja kwa moja ya Nairobi na New York, Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 kwenda na 14 kurudi. Ni viwanja vile vile, ni kilomita zile zile 11,850 hivi, lakini wastani wa kwenda ni kilomita 790 kwa saa, wa kurudi unakaribia 845. Tofauti ni upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki huko juu, kilomita kumi hivi kutoka ardhini: ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma. Ndiyo maana wapangaji wa safari wakati mwingine huchagua njia ndefu zaidi kwenye ramani, na ndege ikafika mapema.

Mtego wa mwisho umo kwenye tiketi yenyewe, kwani kila uwanja huandikiwa saa za kwake. Anayeondoka Nairobi saa 23:00 na kutua New York saa 06:00 huenda akadhani ni safari ya saa saba. Wakati wa baridi New York iko nyuma kwa saa nane. Saa yake ya mkononi, kama hajaigusa, itamwambia ni saa nane mchana.