Pigo la Kichwa Lisiloonekana



Likizo iliyopita alinijia hapa Chonyonyo kijana niliyemsomesha Juzuu Amma tangu hajajua kushika kalamu. Sasa yu mwanafunzi wa chuo kikuu, tena mlinzi katika timu ya mpira ya chuo chake. Aligongana vichwa na mwenziwe uwanjani, akapotewa na fahamu kwa kitambo kidogo, kisha akainuka akacheza mpaka mwisho. Na waliokuwa wakiiongoza timu walimsifu kwa ushujaa. Siku ya 3 hakuweza kusoma ukurasa mmoja. Mwanga ulimchoma macho, maneno yalimponyoka, na mtihani ulikuwa karibu.

Baba yake alisema ni uvivu. Shangazi yake alisema ni kijicho cha watu. Nami nakiri kwamba dhana yangu ya kwanza haikuwa mbali na ile ya baba, maana kijana hakuwa na jeraha wala uvimbe, na chakula alikula.

Kumbe maradhi yenyewe yana jina: mtikisiko wa ubongo. Ubongo ni kitu laini. Kichwa kipatapo kishindo, huyumba ndani ya fuvu na kazi yake ikavurugika, ijapokuwa picha za hospitali hazioneshi kitu. Mwaka 2014, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Rio de Janeiro, Mjerumani Christoph Kramer aligongwa kichwa, akaendelea kucheza kama robo saa, kisha akamwuliza mwamuzi kama ile ndiyo fainali. Watu walicheka. Lakini mwaka 2011 huko Ireland ya Kaskazini mtoto wa miaka 14 aligongwa zaidi ya mara moja katika mchezo mmoja wa ragbi ya shule, asitolewe, akafa. Pigo la pili kabla ya la kwanza kupona laweza kuua. Basi ushujaa gani huo? Tangu 2024 hata sheria za mpira zaruhusu mashindano kuweka badiliko la ziada kwa aliyeumia kichwa.

Aliyeumia apumzike siku 1 au 2, na simu aiweke mbali. Baada ya hapo asijifungie gizani kama walivyoagiza watu wa zamani; atembee polepole, asome kidogo kidogo. Masomo hutangulia mpira, na mpira wa kugongana hungoja idhini ya daktari. Vijana wengi hupona ndani ya mwezi. Lakini akitapika mara kwa mara, au kichwa kikizidi kuuma, au akishikwa na degedege, au haamshiki usingizini, apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane.

Lililomwumiza zaidi ni sala. Kila akisujudu dunia ilimzunguka, naye aliona haya kukaa mbele ya watoto wa chuo changu.

"Maalim, watasema nini?"

"Mwanangu, sharia haikumtaka mgonjwa asichokiweza. Kaa hapa kando yangu, uashirie."

Kisha nikaenda kwa baba yake. Mzee alinyamaza sana. Tangu jioni ile akawa akitembea na mwanawe migombani, na barua ya kuomba mtihani uahirishwe waliiandika pamoja. Wiki ya 4 kijana alinisomea Suratul Mulk, akasahau aya moja tu, tukacheka sote wawili. Viatu vyake vya mpira vingali vimetundikwa ukutani kwa baba yake, vikingoja neno la daktari.