Kabla Jino Halijakatika, Ganda Hupinda

Anayeliona kwa mara ya kwanza gari la rimoti la kupanda miamba hushangaa akiambiwa kwamba linavunjika. Halikimbii, haliruki, linatambaa juu ya mawe kwa mwendo wa kinyonga. Kumbe mzigo wake uko kwenye huko kutambaa.

Tuchukue Wraith, gari la kipimo cha 1/10 lililotolewa na kampuni ya Axial ya California mwaka 2011. Ekseli zake hazina difu ya kugawa mzunguko: gurudumu la kushoto na la kulia huzunguka pamoja, hata moja likining'inia hewani. Hiyo ndiyo siri ya kupanda kwake. Lakini gurudumu likibanwa ufani, karibu nguvu yote ya mota huishia kwenye hafushafti ya upande huo, tena ikiwa imeshakuzwa. Ndani ya ekseli, pinioni, yaani gia ndogo, ina meno 13 na krauni, gia kubwa, meno 38, kwa hiyo nguvu ya kuzungusha inayoingia kwa propela, shafti inayoleta mzunguko kwenye ekseli, hutoka karibu mara tatu. Mlimani uzito nao hurudi nyuma, na ekseli ya nyuma ndiyo inayoelemewa.

Wengi wakikuta meno yamekatika hukimbilia gia ngumu zaidi. Zikikatika nazo, hulaumu chuma. Gia inasingiziwa. Ganda la ekseli ni la plastiki. Gia zinapokazana husukumana, ganda likapinda, zikaachana kidogo. Meno hubaki yameshikana kwa ncha, na ncha haibebi mzigo wa jino zima.

Ndiyo maana mimi ningeanza na ganda. Kipande cha alumini kinachofungwa kwa skrubu juu yake, kutoka upande mmoja hadi wa pili, huzuia lisipinde. Kiti cha pinioni kikiwa cha chuma, beringi hazitikisiki. Kisha washa nyembamba, za unene wa milimita 0.1, hupangwa kando ya krauni mpaka gia zishikane bila kulegea wala kukwama. Kazi hii hupimwa kwa vidole: zungusha taratibu mzunguko mzima, usikilize mahali panapokaza. Grisi, kisha dawa ya kuzuia skrubu kulegea, basi. Hafushafti za chuma kigumu zifuate baadaye.

Kuna wanaobadilisha ganda zima kwa alumini ya rangi. Inapendeza mezani. Jiweni plastiki huteleza pale ambapo alumini hukwaruza na kung'ang'ania, na uzito unaoongezwa nyuma ya gari la kupanda huusaidia mlima, si dereva. Uzito wa shaba ya njano, kama lazima uongezwe, ukae mbele.

Kampuni ya Traxxas ilipita njia nyingine kwenye gari lake la TRX-4 la mwaka 2017: sehemu ya upunguzaji wa mwendo iliihamishia kwenye gia zilizo karibu na kila gurudumu, hivyo hafushafti hazibebi nguvu yote, na ekseli yenyewe imeinuka juu ya mawe.

Kwenye Wraith, ekseli ikishaimarishwa, nguvu itatafuta pengine pa kutokea. Hapo ndipo propela ya plastiki ya kiwandani inapofaa kuachwa ilivyo. Ni rahisi kuifikia, na ikikatika hubadilishwa palepale mwambani kwa bisibisi, bila kufungua ekseli.